Kemboi Alivyowalimia Wakwe

Mzee Kemboi amekuwa jirani yangu kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka yote hiyo sijamwona akipita karibu na kiti cha mwenyekiti bila kukikalia. Ni mwenyekiti wa josho la ng'ombe, na josho lenyewe limeota nyasi. Ni mwenyekiti wa kamati ya maji, na maji tunachota mtoni. Kanisani ni mwenyekiti wa ujenzi, na kanisa letu lina kuta tatu na turubai. Nasema haya bila chuki. Kama ipo, ni kidogo tu, na chanzo chake ni ng'ombe wangu watatu, ambao nitawafikia.

Tunaishi juu ya Njoro, kando ya barabara inayopanda kwenda Mau Narok. Ardhi yetu ni ya mteremko, na udongo ni mweusi, mwepesi, ukikauka unapeperuka hadi kwenye chai. Shamba la Kemboi linaanzia barabarani na kuteremka polepole hadi kwenye boma lake. Yeyote anayepita lazima alione, na huku kwetu mtu hupimwa kwa shamba linaloonekana kutoka barabarani. Machi ikiingia liwe limelimwa, limepigwa haro ya kuvunja mabonge, jeusi, tupu, bila bua hata moja. Lisipokuwa hivyo watu wataanza kuuliza kama umeugua, au kama mkeo amerudi kwao.

Kwa hiyo tulicheka sana miaka sita iliyopita, mradi fulani wa kilimo ulipokuja kutafuta mkulima wa mfano atakayelima bila kulima. Afisa alisimama mbele yetu akatueleza: mabua yanaachwa yalale juu ya ardhi, unatoboa kishimo cha mbegu tu, plau haiingii kabisa. Mzee mmoja aliuliza kama na kuvuna pia kutakuwa bila kuvuna. Tulikuwa bado tunajipangusa machozi afisa aliposema kwamba mkulima wa mfano atapewa fulana, kofia, na kibao kikubwa cha barabarani chenye jina lake. Kemboi alikuwa amesimama kabla sentensi haijaisha.

Kibao kilisimamishwa wiki hiyo hiyo. Maneno "Shamba la Mfano" yalikuwa madogo, jina la Kemboi lilisomeka hata ukiwa kwenye lori linalokwenda kasi. Fulana aliivaa kanisani Jumapili nne mfululizo, mpaka mkewe, Jeruto, akaificha. Chini ya kibao alitenga nusu ekari, ikagawanywa katikati kwa vigingi: upande wa kushoto ulimwe kila mwaka kama kawaida, upande wa kulia plau isiuguse. Mradi ulikaa mwaka mmoja, kisha ukaondoka na magari yake. Kibao kilibaki, na Kemboi aliona hiyo inatosha.

Aliyeichukua kazi yenyewe ni binti yake, Chesang. Huyu ni msichana mwembamba, mpole wa kusema, ambaye alikuwa akisomea mambo ya udongo chuo kikuu. Alipokuwa akielekea shahada ya pili alimwomba baba yake ile nusu ekari iwe ya utafiti wake. Aliomba mbele yetu, kwenye mkutano wa maji, nadhani kwa sababu anamjua baba yake.

"Baba, nipatie hiyo shamba mpaka nipime mara nne," alisema. "Kila March, kabla ya mvua. Nikikosa moja, sina kitu."

Kemboi alijipiga kifua. "Hakuna trekta itaingia hapo. Hiyo ni neno ya Kemboi."

Tulipiga makofi. Neno la Kemboi lilikuwa halijawahi kupimwa kwa kipindi kirefu hivyo.

Sasa kuhusu ng'ombe wangu. Huku kwetu ni desturi kwamba shamba likishavunwa, mabua ni ya kila mtu. Watu hufungua malango, ng'ombe wa huyu wanaingia kwa yule, na hakuna anayeuliza. Nimeingiza ng'ombe kwa Kemboi tangu siku nilipohamia, naye kwangu. Lakini Chesang aliyataka mabua yabaki palepale yaoze, ati ndiyo blanketi la udongo, yanaupoza na kuukinga na matone ya mvua. Kemboi akazungushia seng'enge. Ng'ombe wangu walisimama nje wakiyaangalia mabua hayo kwa macho ambayo sitayasahau, nami nikaapa kwamba blanketi hilo halitaniona nikilisifia.

Hata hivyo kila Machi nilikwenda kumtazama akipima, kwa sababu burudani ni chache huku. Vifaa vyake vilikuwa vya kuchekesha. Alikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia uliokatwa chini, anaugongomelea ardhini, anamimina maji ya kipimo kimoja, kisha anaangalia kwenye simu yanachukua dakika ngapi kuzama. Alikuwa na nondo ya kudunga ardhini kujua inafika wapi. Alikuwa na vikopo vidogo vya kuchotea udongo, anaukausha jikoni kwa Jeruto na kuupima uzito, ajue umeshindiliwa kiasi gani. Jeruto alilalamika kwamba sufuria yake ya mandazi sasa inakaanga shamba.

Machi ya kwanza tulifurahi kupita kiasi. Upande uliolimwa maji yalizama kwa dakika ishirini na nane, upande usiolimwa kwa thelathini na tatu. Ule usioguswa ulikuwa mgumu zaidi, mzito zaidi, mbaya zaidi. Nilimwambia Chesang angeniuliza mimi bure, asingehitaji chuo kikuu. Hakukasirika, aliandika tu.

"Uncle Thuo, plau imekuwa hapa miaka arobaini," alisema. "Hiyo udongo haiwezi sahau kwa mwaka moja."

Akanipa nondo nidunge mwenyewe. Iliingia kwa urahisi kiasi cha shubiri moja, kisha ikagonga kitu, ng'o. Nilidhani ni jiwe. Nikadunga pengine, ng'o. Aliniambia si jiwe, ni sakafu. Plau ikipita kila mwaka kwa kina kilekile, inafungua juu na kushindilia chini, na baada ya miaka mingi unakuwa na unga juu na sakafu chini yake, na mizizi ya mahindi inafika hapo inakunja kona. Nilirudi nyumbani nikadunga shamba langu kwa siri. Ng'o.

Machi ya pili pande zote mbili zilikuwa karibu sawa, ishirini na saba kwa ishirini na sita. Nilitania kidogo tu. Machi ya tatu upande wa kulia maji yalizama kwa dakika kumi na moja. Chesang alirudia mara tano, sehemu tano. Nondo iliingia kiasi cha kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko changu, kwa sababu minyoo na mizizi iliyooza ilikuwa imetoboa ile sakafu bila kumwomba mtu ruhusa. Kisha akachukua mabonge mawili ya udongo, moja la kila upande, akayatumbukiza kwenye glasi mbili za maji. La kushoto liliporomoka kama biskuti kwenye chai. La kulia lilikaa vile vile, na tulikunywa chai tukamaliza, bado limekaa.

"Sasa umeshinda," nilimwambia.

"Bado. Mwaka moja inaweza kuwa bahati," alisema. "Ikirudi hivi March ingine, ndio nitasema najua. Supervisor wangu atakuja mwenyewe na mashine ya ukweli, si mkebe."

Kwa hiyo shahada ya Chesang, miaka yake yote ya kutembea na mkebe, ilikuwa imelala pale chini ya kibao cha baba yake, ikingoja kipimo kimoja. Siku ilipangwa: Jumanne ya mwisho ya Machi. Kila mtu nyumbani aliijua. Jeruto aliiandika kwa chaki kwenye mlango wa jikoni.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka kijiji cha Sachangwan. Chesang alikuwa na rafiki, daktari wa mifugo anayeitwa Kipngeno, kijana mrefu mwenye adabu, na wazee wake walikuwa wanaomba kuja kwa koito, siku ile wakwe wanapokaa na wazee wa msichana kuzungumza mahari. Waliomba Jumamosi. Ile Jumamosi iliyokuwa siku tatu kabla ya Jumanne ya Chesang.

Alhamisi Kemboi alikuja kwangu. Hakukaa. Alisimama langoni akiangalia shamba lake kwa mbali, mikono nyuma.

"Thuo, hao wageni watapitia wapi?"

"Barabarani, Mzee. Hawana ndege."

"Na wataona nini kwanza?"

Hapa ningeweza kusema jambo la maana. Nina umri wa kutosha. Badala yake ulimi wangu uliwakumbuka ng'ombe.

"Wataona kibao yako na jina yako," nilimwambia, "na chini ya jina, takataka. Watu wote wamelima, ni wewe tu. Watafikiri mwenye hiyo jina alikufa na watoto bado wanapigania shamba."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama bado nina namba ya Manjit, nikampa. Nilijua anaitakia nini. Nilijua pia kwamba seng'enge haina kazi kwenye shamba lisilo na mabua, na ikiondolewa ng'ombe wangu wangeingia tena baada ya mavuno.

Manjit ana trekta tatu za kukodisha, na karakana yake iko Njoro alikozaliwa. Amelima mashamba yetu yote, na ya baba zetu aliyalima baba yake. Ijumaa asubuhi alifika mwenyewe na trekta kubwa. Jeruto alikuwa Nakuru sokoni kununua vitu vya wageni, na Chesang alikuwa kwa shangazi yake, mtaa wa Section 58 hukohuko mjini, akisukwa. Kemboi alikuwa amechagua saa yake vizuri.

"Anza huku juu, uteremke moja kwa moja mpaka kwa boma," Kemboi aliamuru.

Manjit alizima injini. "Mzee, tangu lini tunalima kuteremka? Tunakatanga hivi, kuvuka. Mvua ikikuja maji yote itakuja kwa nyumba."

"Ukikata kuvuka mistari haionekani kwa barabara. Nataka mgeni akisimama pale juu aone imenyooka."

"Sawa. Na hii kipande ya msichana? Aliniambia nisiguse. Aliniambia hata nisigeuzie trekta hapo."

"Manjit, shamba ni ya nani?"

"Ni yako."

"Na mahari inaletwa kwa nani?"

"Kwako, boss."

"Basi lima."

Manjit aliniangalia mimi, niliyekuwa nimeegemea ua. Niliangalia mawingu. Akawasha trekta.

Kemboi aliifungua seng'enge, na vigingi vikawa vya kwanza kuvunjika. Mabua yalifukiwa, kushoto na kulia vikawa kitu kimoja, na minyoo iliyotoboa sakafu kwa miaka ikaishia kwa ndege, ambao walikuja wengi kuliko wageni wa kesho yake. Kemboi hakuridhika na haro moja. Alitaka tatu, udongo uwe laini kama unga wa uji. Ilipofika saa kumi jioni shamba lilikuwa jeusi, limenyooka, linang'aa. Nitasema ukweli: lilipendeza. Kemboi alichota maji akakiosha kibao.

Jeruto aliporudi aliweka kikapu chini langoni.

"Kemboi, umefanya nini?"

"Nimesafisha."

Kuanzia hapo hadi Jumapili Jeruto alizungumza na sufuria tu, na sufuria ziliyasikia mengi kuhusu Kemboi.

Chesang alifika Jumamosi saa mbili asubuhi, nywele zimesukwa, nguo ya sherehe kwenye mfuko mkononi. Alishuka barabarani chini ya kibao. Nilikuwa hapo nimetumwa kukaribisha magari. Nilimwona akitabasamu kwanza, kwa mazoea, akigeuza uso upande wa kulia ambako mabua yangekuwa. Tabasamu lilibaki usoni kidogo baada ya yeye mwenyewe kuondoka ndani yake. Alivua viatu, akaingia shambani, akatembea hadi mahali alipopajua yeye peke yake. Akainama akachota udongo kiganjani, akaufinya, ukapita katikati ya vidole.

Alirudi akaniuliza, "Uncle Thuo, ni nani?"

"Ni baba yako."

"Peke yake?"

Niliangalia buti zangu.

"Ni mimi nilimpa namba ya Manjit," nilisema mwishowe. "Na nikamwambia mambo ya ujinga."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa kipimo alichokitarajia. "Ilikuwa imebaki siku tatu," alisema. Afadhali angelia, au angenitukana, nami ningejua mahali pa kusimama. Alijipangusa miguu, akavaa viatu, akateremka kwenda kumsaidia mama yake kumenya viazi. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu niwe mtu mzima.

Wageni walifika saa tano, magari matatu. Kemboi alikuwa amejipanga chini ya kibao kwa koti na kofia, kifua mbele. Wa kwanza kushuka alikuwa Mzee Kibii, baba yake Kipngeno, mtu mfupi, mkulima wa viazi, msemaji wa maneno ya kuhesabika. Mkononi alibeba kigunia kidogo kilichofungwa kamba. Alisoma kibao, akaangalia shamba kutoka juu hadi chini.

"Hii ndio ile shamba?"

"Ndio hii, mkwe," Kemboi alisema. "Safi. Jionee mistari."

"Na ile haijalimwa iko wapi?"

"Gani?"

"Ile ya mabua. Kijana amenisumbua nayo mwaka mzima. Kwangu maji inasimama juu ya shamba kama kwa sinia, viazi inaoza. Nimemwambia, mimi siendi huko kwa sababu ya ng'ombe, naenda nione hiyo udongo." Akainua kigunia. "Nimebeba yangu, msichana anipimie."

"Ile... ile tumeipumzisha," Kemboi alisema.

"Na plau?"

Nilikohoa mpaka macho yakatoa machozi. Hakikuwa kikohozi. Kipngeno, aliyekuwa ameshuka gari la pili, aliangalia shamba kisha akaangalia chini kuelekea jikoni. Yeye alijua Jumanne ilikuwa siku gani.

Waliingia ndani, wazee wa pande mbili, nami nikaingizwa kama jirani wa siku nyingi. Hema lilikuwa uani na kina mama chini yake. Ilipofika saa nane mazungumzo yalikuwa yamenoga, ng'ombe wanatajwa kwa rangi na tabia zao, mvua ya kwanza ya mwaka ilipoanguka. Ilianguka na mawe. Dakika tano za mwanzo Kemboi alisema ni baraka, na wote tukakubali.

Unga hauna njia ya kunywa mvua. Ule udongo laini uliziba juu kama uji unavyoganda, na kile kidogo kilichoingia kilifika kwenye sakafu kikakaa. Maji yaliyobaki yalitafuta njia, na njia Kemboi alikuwa ameyachongea, imenyooka, kutoka barabarani hadi boma. Mistari aliyoitaka ionekane na wageni ilileta maji mpaka walipoketi. Tulisikia kwanza kelele za kina mama uani, halafu mguu wa hema ukalala. Mtu alipiga kelele kwamba vibuyu vya mursik viokolewe, vikapitishwa dirishani tukavipakata, maziwa ya sherehe mapajani mwa wazee. Kiatu cha shangazi mmoja kilipita mlangoni kikielea, na baada yake likaingia shamba lenyewe, jeusi, taratibu, likitandazwa kwenye sakafu ambayo Jeruto alikuwa ameipiga rangi nyekundu.

Wazee waliinua miguu. Wengine waliiweka kwenye meza. Kemboi aliendelea kusema kwamba kabla ya mvua tulikuwa tumefika kwenye ndama wa madoa, na hakuna aliyemsikiliza. Mzee Kibii peke yake hakuinua miguu. Alivua viatu, akakunja suruali, akaiacha miguu ndani ya tope akiiangalia.

Katika hali hiyo Chesang aliitwa. Ni lazima msichana aitwe aulizwe, ndiyo desturi, na kawaida huitikia kwa sauti ndogo na kuinamisha uso. Alisimama mlangoni na nguo ya sherehe, gauni likiwa limelowa hadi magotini. Mjomba wake alimuuliza kama anawajua wageni hawa.

"Nawajua."

"Unakubali?"

"Nakubali," alisema. Chumba kikapumua. "Lakini siku ya harusi nitasema mimi."

Hakuinua sauti. Alisema mwaka uliopita, kwenye ile nusu ya kulia, maji yalizama kwa dakika kumi na moja. Siku yatakapozama tena kwa dakika kumi na moja, mahali palepale, ataolewa siku hiyo hiyo jioni akitakiwa. Kabla ya hapo ng'ombe wakae Sachangwan. Plau isiingie. Atakayepima kila Machi ni baba.

"Na mabua yote imefukiwa," aliongeza, "kwa hivyo mabua ya kufunika itatoka kwa Uncle Thuo. Yote. Kila mwaka."

Kemboi aliinuka, akateleza, akashika kibuyu. "Hayo ni mambo ya nyumbani! Tutaongea baadaye!"

"Hapana, mkwe," Mzee Kibii alisema. "Miguu yangu iko ndani ya hayo mambo." Akamgeukia Chesang. "Ni miaka ngapi?"

"Sijui. Ilinichukua mitatu, na hiyo ilikuwa kabla ya leo. Juu yote iko hapa kwa nyumba."

Kibii alimwangalia mwanawe. Kipngeno alisema, "Nitangoja." Kigunia cha udongo wa Sachangwan kilikabidhiwa kwa bibi harusi mtarajiwa, akakipokea kwa mikono miwili. Tulikunywa mursik tumesimama.

Jumanne msimamizi wa Chesang alikuja na mashine ya ukweli, akaangalia shamba akiwa garini, hata hakuishusha. Chesang aliambiwa aandike na miaka mitatu aliyo nayo, na mwishoni aweke sentensi moja ya kukiri kwamba matokeo hayana uhakika. Shahada alipata, mwaka mmoja baadaye. Sentensi hiyo aliwahi kunisomea, polepole, na sikujua niangalie wapi.

Imepita miaka miwili. Kibao bado kipo, na Kemboi hakioshi tena. Kila Desemba nabeba mabua yangu kwa mkokoteni na kuyatandaza kwenye nusu ekari ya jirani, huku ng'ombe wangu wakinisindikiza kwa macho njia nzima. Sijawahi kulalamika kwa sauti. Mwaka jana Kemboi alipima kwa mara ya kwanza, akitoka jasho kama mwanafunzi wa mtihani, na maji yakachukua dakika thelathini na nane. Alisema mkebe una kasoro. Akanunua mwingine. Thelathini na nane.

Mwaka huu alianza kuja shambani tangu Januari, peke yake, anainua mabua kwa kidole na kuangalia chini yake kama kuna mnyoo. Akimwona mmoja ananiita, na kusema kweli nakwenda. Siku ya kipimo Kipngeno alishika ndoo, mimi nikashika simu. Kemboi alipiga magoti, suruali ya Jumapili kwenye tope, akamimina, akaukodolea mkebe macho. Dakika kumi na moja zilipita, akajifanya hajasikia. Zilipofika ishirini alianza kuyabembeleza maji kwa lugha ya kwao. Yaliisha kwa ishirini na nane.

"Thuo," alininong'oneza, "si tuandike ishirini?"

"Andika mwenyewe, Mzee."

Alishika kalamu, akaandika ishirini na nane. Kisha aliinamia ule mkebe mtupu, mwenyekiti wa josho, wa maji na wa ujenzi, akasema kwa sauti ndogo, kwa jina analomwita binti yake, "Nisamehe, mami."

Hakujua kwamba Chesang alikuwa amesimama nyuma yake. Alichuchumaa kando yake, akamwekea mkono begani, akausoma ule mwandiko.

"Baba," alisema, "imebaki dakika kumi na saba."